Nani Aliomba Mshale?

Mimi na binamu yangu tuna wiki mbili hatusalimiani vizuri, na chanzo ni kitu ambacho wazee wa hapa Unyambwa wakikisikia wanatikisa kichwa na kurudi kwenye alizeti zao. Chanzo ni gemu. Ndiyo, gemu ya kompyuta. Najua baadhi yenu mtauliza, jamani, gemu zimeingiaje kwenye kurasa za watunzi wa mashairi na hadithi? Vumilieni. Ugomvi wetu ni wa maneno, na maneno ndiyo yaliyotukutanisha humu, au siyo?

Niseme mapema kwamba siandiki kwa upole. Nimechoka kuambiwa "kaka, we umeshazeeka" na kijana wa miaka kumi na tisa ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kushika kipanya.

Kwa wasiojua: kuna gemu za kuruka mashimo, kuna za mpira, kuna za kupiga risasi, na kuna zile ambazo mchezaji anavaa uhusika. Unachagua wewe ni nani, mwizi au mganga au mpiganaji au mzururaji tu, halafu dunia ya mle ndani inatakiwa ikujibu kufuatana na ulichochagua. Kampuni ya Bethesda ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1986, ni kati ya wakongwe wa kazi hiyo. Mfululizo wao wa The Elder Scrolls ulianza na Arena mwaka 1994, ikaja Daggerfall 1996, Morrowind 2002, Oblivion 2006, Skyrim 2011. Baadaye wakachukua na Fallout, wakatoa ya tatu mwaka 2008 na ya nne mwaka 2015. Mwaka 2023 wakaja na Starfield. Mashabiki dunia nzima wamegawanyika kambi mbili juu ya safari hiyo: wako wanaosema kampuni imekua, wako wanaosema imeporomoka. Mimi niko kambi ya pili na sitoki. Wameporomoka, tena kwa kushuka ngazi moja moja, macho makavu, na kila ngazi wakituambia wanaturahisishia.

Morrowind niliipata mwaka 2009, miaka saba baada ya kutoka. Nilikuwa kidato cha pili. Mjomba alileta kompyuta ya mtumba kutoka Dar, na ndani yake mlikuwa na nakala ya kuchoma. Haikuwa halali, nakiri, na nilipokuja kupata hela nilinunua nakala halali ili roho itulie. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Gemu inaanza unashushwa melini, wewe ni mfungwa, unakabidhiwa kifurushi na kuambiwa ukipeleke kwa mzee mmoja anaitwa Caius Cosades kwenye mji wa Balmora. Basi. Kwaheri. Hakuna mshale juu ya skrini unaokuonyesha njia. Kuna ramani, kuna vibao barabarani, kuna watu wa kuuliza.

Ukishafika kwa huyo mzee anakutuma kwa mtu mwingine, na huyo mwingine kabla hajakuambia kitu anataka umletee kijisanduku kutoka kwenye magofu yanayoitwa Arkngthand. Unaelekezwa kwa maneno: toka mjini, vuka maji, kamata njia ya mashariki, utakuta daraja la kale juu ya korongo. Nilizunguka siku tatu. Narudia, siku tatu, baada ya shule, kamusi mapajani! Nilipofika mlango hauna pa kushika. Nikarudi. Nikasoma tena daftari la safari, maana gemu inakuandikia kila ulichoambiwa. Siku ya nne ndipo nikaliona bomba pembeni lenye mkono wa kuzungusha, nikazungusha, mlango ukafunguka. Kijisanduku chenyewe kidogo, kimekaa kwenye rafu, rangi ya kutu kama kila kitu kingine mle. Nilipokishika nilipiga kelele hadi bibi akatoka nje na fimbo akidhani nyoka.

Sasa nyinyi mnaoijua Singida mtanielewa. Hapa kwetu mgeni huelekezwaje? "Ukishuka barabarani shika njia ya mkono wa kulia, utakuta jiwe kubwa limekaa juu ya jingine, hapo usikate, nenda mbele mpaka uone mti uliopigwa radi, uliza hapo." Miamba yetu ndiyo vibao vyetu. Anayekuelekeza anakupa dunia nzima ndani ya sentensi tatu: nini ni kikubwa, nini ni cha hatari, wapi kuna watu wema wa kuulizwa. Mimi mtoto wa Unyambwa niliikuta Morrowind inaongea kwa namna ya bibi yangu. Ndiyo maana inaniuma.

Mwaka 2006 wakaleta Oblivion na mshale. Kwenye dira chini ya skrini kuna alama inayokuambia twende huku. Mtu anakusimulia mambo yake, msiba wake, hofu yake, na wewe humsikilizi, unangoja amalize ili alama itokee. Kwa nini walifanya hivyo? Sababu mojawapo ni sauti. Morrowind sehemu kubwa ilikuwa maandishi ya kusoma. Oblivion kila mtu anazungumza kwa sauti ya mwigizaji. Wakamlipa Patrick Stewart, mwigizaji mkubwa, aseme maneno ya mfalme ambaye anauawa hata hujamaliza kufunga viatu. Kila neno likawa gharama na likawa linakula nafasi kwenye diski. Basi maneno yakapunguzwa. Sauti chache zikagawiwa watu wengi, mpaka ombaomba anakuomba kwa sauti ya kukwaruza, ukimuuliza habari za mjini anakujibu kwa sauti nyingine kabisa, safi kama ya mtangazaji wa redio. Tulicheka. Tusingecheka.

Kwenye Morrowind unaweza kumuua mtu yeyote, hata yule ambaye hadithi nzima inamtegemea. Unapewa taarifa fupi tu kwamba umeharibu mambo, halafu unaachiwa uamue kama utarudi nyuma au utaishi na ulichofanya. Oblivion ikaja na watu wasiokufa: unampiga mtu muhimu kwa shoka, anaanguka, anapumzika, anainuka anajifuta vumbi. Unaitwa mchezaji lakini umekatazwa kukosea. Hivi kuna uhusika gani hapo?

Hesabu nazo ziko wazi. Ujuzi ambao mhusika anaweza kuwa nao ulikuwa 27 Morrowind, ukawa 21 Oblivion, ukawa 18 Skyrim. Sifa za msingi za mwili na akili, kama nguvu na wepesi, zilikuwa nane. Skyrim wakazifuta, zikabaki afya, pumzi na nguvu ya uchawi. Binamu yangu anasema hiyo ni kusafisha uchafu tu, na hapo, kusema kweli, ana nusu ya haki. Idadi si hoja. Hoja ni kile kilichokuwa kinakuzuia. Morrowind kuna koo tatu kubwa, Hlaalu, Redoran na Telvanni. Ukijiunga na moja, mbili zimekufungia milango. Chama cha wachawi hakikupandishi cheo kama hujui uchawi. Nenda Skyrim sasa. Unaweza kuwa mkuu wa wachawi wakati uchawi unaojua ni wa kubangaiza, asubuhi ukawa kiongozi wa wapiganaji, jioni mkuu wa wezi, usiku bosi wa wauaji wa siri, na hakuna hata mmoja anayekuuliza, bwana, wewe ni nani hasa? Ukiwa kila kitu huna uhusika, una suti nyingi tu kabatini.

Fallout 4 ndiyo iliyonitoa machozi. Mazungumzo wakayafanya ya vitufe vinne, na kila kitufe kina neno moja au mawili. Unabonyeza la kejeli, mhusika wako anatukana mtu ambaye hukukusudia kumtukana. Yaani hujui utasema nini mpaka umeshasema! Mashabiki wenyewe walikaa wakatengeneza nyongeza ya kuonyesha sentensi nzima. Mchezaji analazimika kuirekebisha gemu ili ajue anachosema mdomo wake mwenyewe. Halafu kuna yule jamaa Preston Garvey, kila ukimpitia anakupa kijiji kingine cha kwenda kuokoa, kazi inayotungwa na mashine bila mwisho. Mwaka 2018 wakatoa Fallout 76, na siku ya kwanza haikuwa na binadamu hata mmoja wa kuongea naye zaidi ya wachezaji wenzako. Rekodi za sauti na maroboti tu. Watu wakaletwa mwaka 2020, baada ya kelele. Hebu fikirini, gemu ya kuvaa uhusika isiyo na watu.

Starfield nitaipita haraka. Sayari zaidi ya 1,000, nyingi zimetengenezwa na mashine, unatua huku unakuta jengo lile lile uliloliacha kule, hadi vitu vilivyo juu ya meza. Nikiwa mkweli, kwenye mazungumzo walirudisha sentensi nzima, na uliyokuwa kabla ya safari yanatajwa hapa na pale. Nawapa hongera ya nusu. Ukubwa ulioongezeka ni wa uwanja, maneno ya kuujaza hayakutosha.

Sasa nimsikilize binamu, maana si mjinga.

Hoja yake ya kwanza ni soko. Skyrim imeuzwa nakala makumi ya milioni, wewe na Morrowind yako mmeuza ngapi? Mimi namjibu hivi: chipsi mayai zinauzwa kuliko mlo wowote pale stendi, na hakuna aliyesema mpishi wake amefika kilele cha upishi. Tena mwaka ule ule wa Starfield, 2023, kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, gemu nzito, ya kusoma na kuchagua na kujutia, na ndiyo iliyoibeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Kumbe watu wana muda. Walioambiwa hawana muda ni sisi.

Ya pili: "Kama hutaki mshale, si uuzime?" Hii ndiyo inayonikasirisha kuliko zote kwa sababu inaonekana ya busara. Uzime mshale ndani ya Skyrim uone. Mtu anakuambia nenda pango fulani ukaniletee upanga wa baba yangu. Pango liko wapi? Mara nyingi hasemi. Daftari nalo halisemi. Waandishi waliacha kuandika njia kwa sababu walijua mshale upo. Ukishaweka mkongojo kwa mtu mzima, miguu inasahau, na ukiuondoa huo mkongojo hapati miguu, anaanguka.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Alisema: "Kaka, we ulikuwa na kamusi na ulikuwa na mjomba. Mimi na washkaji Kiingereza hatukijui. Huo mshale unaoutukana ndio uliotuingiza ndani. Bila mshale hiyo ni gemu ya wasomi." Nilikaa kimya. Ni kweli kabisa kwamba mshale ulimfungulia mlango. Lakini nikamuuliza, dogo, umemaliza Skyrim mara mbili, niambie, Ulfric Stormcloak anagombania nini na Dola? Akafikiri. Akasema, "Si yule wa kule juu kwenye theluji?" Vita nzima, mfalme aliyeuawa, watu waliokatazwa kumwabudu mungu wao, yeye kapita katikati akifuata alama. Ameingizwa ndani na kuachwa sebuleni. Dawa ya Kiingereza kigumu ni Kiswahili. Skyrim ilitafsiriwa kwa Kipolandi, Kirusi, Kijapani. Sisi wasemaji wa Kiswahili si wachache kuliko Wapolandi, ila kwetu wanaona mshale unatosha. Mtu asiyeeleweshwa anaelekezewa kidole tu. Hiyo ndiyo heshima yetu sokoni.

Na kabla hamjaniandikia barua: najua kupigana ndani ya Morrowind ni mateso, unampiga panya yuko mbele ya pua yako na gemu inasema umemkosa. Najua maelekezo mengine yalikuwa ya uongo kabisa, unaambiwa kaskazini kumbe ni kusini. Najua wale ndege wanaokufuata angani usiku na mchana ni laana. Sisemi warudi kule kwa kila kitu. Wapo mashabiki wa Tamriel Rebuilt, tangu mwaka 2001 wanajitolea kuijenga bara ya Morrowind ambayo kampuni haikuijenga, kipande kwa kipande, bila mshahara, na kazi yao ukiiingia unaona imeandikwa na watu wanaopenda kuandika. Inawezekana.

Kuna habari nyingine inayowahusu moja kwa moja nyinyi mnaolala na miswada chini ya mto. Robert Kurvitz wa Estonia, nchi ya watu milioni moja na kitu, alitoa riwaya kwa lugha yake mwaka 2013. Haikuuzwa. Alikata tamaa kama tunavyokata sisi. Yeye na wenzake wakaichukua dunia ile ile ya riwaya wakaigeuza gemu, Disco Elysium, ikatoka mwaka 2019: maneno zaidi ya milioni moja, hakuna mapigano ya vitufe, ni mpelelezi mlevi anayezungumza na watu na na akili yake mwenyewe. Ikabeba tuzo nne mwaka ule. Iliandikwa kwa Kiingereza, hilo nalo linauma kidogo. (Yaliyowapata baadaye na kampuni yao ni simulizi nyingine, na si nzuri.) Afrika nako, Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion mwaka 2016, gemu ya uhusika iliyochota kwenye simulizi za kwetu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haya ni ya Wazungu tu.

Nifike kwenye kidonda chenyewe. Binamu yangu na wenzake wawili wanatengeneza gemu. Wanatumia Godot, programu ya bure, kwenye kompyuta moja inayozimika ikipata joto. Hadithi ni ya kwetu: mtoto anamtafuta ng'ombe wa babu yake aliyepotea kati ya Unyambwa na ziwa, na kila anayekutana naye anajua kipande kidogo cha njia. Maneno naandika mimi. Niliandika maneno elfu nne. Yeye akarudi na masharti mawili: kila mtu aseme maneno yasiyozidi kumi, na juu kuwe na mshale unaoelekea kwa ng'ombe.

Mshale unaoelekea kwa ng'ombe aliyepotea! Sasa amepotea nini?

Nilimwambia tufanye jaribio. Alikuwa na rafiki yake anakuja kutoka Dar, hajawahi kufika Singida. Nikamwandikia karatasi, mistari minane, namna ya kutoka barabarani hadi kwa bibi, na simu tukamwomba aizime. Akashushwa na bodaboda saa nane mchana. Kwenye jiwe alikosea, maana kwetu mawe yaliyokaa juu ya mawe si moja. Akatokea kwenye mji wa mzee mmoja, akakaribishwa, akapewa uji, akaulizwa ukoo wake hadi babu wa babu, akasindikizwa na watoto wanne. Kwa bibi alifika jua linazama, miguu myekundu kwa vumbi, anaongea bila kupumua, na mpaka leo anamtaja yule mzee kama mtu wa kwao.

Binamu akasema, "Si unaona? Amepotea." Nami nikamjibu kwa maneno hayo hayo.

Mnaweza kusema nabishania kitu kidogo. Lakini mwaka juzi mhariri mmoja, simtaji, alinirudishia hadithi yangu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: msomaji wa leo hana muda, mwambie mapema nani mbaya. Ni mshale ule ule. Nikaikata ile hadithi, nikamtaja mbaya ukurasa wa kwanza, ikachapwa, na tangu siku hiyo sijaweza kuisoma. Mnaoandika humu, wangapi mmeambiwa hivyo na mkakubali? Juni 2018 Bethesda walitangaza Elder Scrolls ya sita kwa kipande cha video kisichofika dakika moja, milima na jina, basi. Aprili 2025 wakaitoa upya Oblivion ile ile imepakwa rangi, watu wakaikimbilia, na binamu mmojawapo. Mimi nasubiri waandike sentensi.

Wiki hii amelegeza kidogo. Mzee wa kwanza kwenye gemu yetu amebaki na maneno yake yote, hamsini na mawili, ila mama muuza vitumbua kakatwa hadi sita. Nimemrudishia faili usiku wa jana, mama yule nimempa maneno yake yote na nikamwongezea manne, na ule mshale nimeufuta. Bado hajajibu.